Mifupa ya Kale: Tuogope Vumbi Kwanza

Mtu akisikia kwamba mabaki ya binadamu wa kale yamehifadhiwa katika makumbusho hapa Nairobi, haraka huuliza iwapo ndui haiwezi kufufuka kutoka masandukuni. Kwa maoni yangu, hofu hiyo imeelekezwa kusiko. Hakuna virusi hai vya ndui vilivyowahi kupatikana katika mabaki ya kiakiolojia, wala bakteria wa tauni hawahimili karne nyingi ndani ya mfupa mkavu. Kimeta, ambacho vijidudu vyake hujifungia katika ganda gumu na kudumu udongoni kwa miongo mingi, ndicho ambacho ningekichukulia kwa uzito zaidi, hasa pale maiti ilipozikwa pamoja na ngozi za wanyama.

Kinachodhuru watu hasa ni vumbi. Sanduku likikaa mahali ambapo unyevu wa hewa unazidi asilimia 65, kuvu huota, na anayesugua mfupa kwa brashi kavu huvuta chembe zake hadi mapafuni. Mwenye pumu anaweza kuugua vibaya. Mabaki yaliyotoka mapangoni huweza kuja na kinyesi cha popo, ambamo hukua kuvu wa histoplasmosisi, ugonjwa wa mapafu. Popo wenyewe si wa kupuuzwa: watu wawili waliozuru pango la Kitum, Mlima Elgon, mwaka 1980 na 1987, waliuawa na virusi vya Marburg, jamaa ya Ebola vinavyobebwa na popo, na daktari wa Nairobi aliyemhudumia wa kwanza akaambukizwa, ingawa alipona.

Ndiyo maana napendelea njia iliyotumika kwa mtoto wa pango la Panga ya Saidi, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita huko Kilifi. Mifupa yake ilikuwa laini mno, hivyo bonge zima la udongo lilifungwa kwa plasta na kuletwa Nairobi. Nia ilikuwa kuinusuru mifupa, lakini kufukulia maabarani humwezesha mtaalamu kudhibiti hewa na vumbi, jambo gumu pangoni.

Glavu, kwa bahati mbaya, mara nyingi huvaliwa ili jasho letu lisichafue DNA ya marehemu, huku mapafu ya aliye hai yakiachiwa barakoa ya kitambaa isiyozuia chembe za kuvu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haimbagui kibarua na mtafiti. Basi barakoa ya N95, inayochuja chembe ndogo za hewani, na chanjo ya pepopunda zimfikie pia anayefagia ghala, tena kabla hajakabidhiwa ufagio.