Daraja la Kigongo–Busisi: lilihitajika, ila si kwa sababu inayotajwa zaidi

Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Kigongo wilayani Misungwi na Busisi wilayani Sengerema juu ya Ziwa Victoria, lilizinduliwa Juni 19, 2025 baada ya ujenzi ulioanza mwaka 2020, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 700. Wapo wakazi wa Mwanza wanaouliza kama palikuwa na haja ya kutumia fedha zote hizo mahali palipokuwa na vivuko, na swali lao si la kubezwa.

Watetezi wa daraja hupenda kutaja muda uliokuwa ukipotea kwenye foleni. Ni kweli, lakini naiona hoja hiyo kuwa dhaifu, kwani foleni ingeweza kupunguzwa kwa kuongeza kivuko kingine kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Hoja nzito ni ya mjamzito aliyepewa rufaa kutoka Sengerema kwenda hospitali ya Bugando jijini Mwanza usiku wa manane. Gari la wagonjwa lilipishwa kwenye foleni, lakini kupishwa hakukusaidia kitu kama kivuko kilikuwa ng'ambo, injini imegoma au ziwa limechafuka. Isitoshe, barabara inayopita hapo ndiyo ya Geita, Kagera na nchi jirani za Rwanda na Burundi.

Upande wa pili una madai mawili. La kwanza, kwamba fedha hizo zingemaliza mgao wa maji kwa wakazi wa milimani jijini, halinishawishi sana, kwa kuwa mradi mmoja kufutwa hakuhakikishi kwamba mwingine utajengwa. La pili ni zito. Foleni iliyowakera madereva ndiyo iliyowalisha wauza samaki wa kukaanga na mahindi ya kuchoma pale gatini. Fidia kwa kawaida humfikia mwenye ardhi au jengo. Mama mwenye beseni kichwani, ambaye mtaji wake ulikuwa abiria waliokwama, hamo kwenye hesabu hiyo, ingawa alistahili kufikiriwa kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa.

Hata hivyo, kipimo hicho hicho cha kuokoa maisha hakihalalishi daraja kila mahali. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 200, kilikuwa kimebeba abiria kupita kiasi, ilhali uwezo wake ulikuwa watu 101. Kwa Ukara, hitaji la kwanza ni kivuko kinachotosha, kingine cha akiba hicho kikiharibika, na msimamizi anayethubutu kukataa abiria wa ziada siku ya gulio.