Lakiri ya injini na haki ya anayeanza mbio za boti

Waya mwembamba hupitishwa kwenye tundu dogo lililotobolewa kichwani mwa bolti inayobana kifuniko cha silinda. Huvutwa hadi bolti ya jirani, hukazwa, kisha ncha zake mbili huingizwa kwenye kipande cha madini ya risasi na kubanwa kwa koleo lenye namba. Hiyo ndiyo lakiri. Anayetaka kuifikia pistoni hana budi kuukata waya, na ukishakatwa haurudi kama ulivyokuwa.

Hoja ya kutia lakiri injini za madaraja ya chini ya mbio za boti, yaani boti ndogo zenye injini ya kufungwa tezini, nyuma ya boti, huzua ubishi kila inapoletwa mezani. Mimi naiunga mkono, ila si kwa namna wanavyoinadi wanaoishabikia. Wanaoipinga wana hoja mbili nzito, na ukizipuuza, lakiri inabaki pambo tu kwenye injini.

Tuanze na kinachotakiwa kulindwa. Madaraja haya yaliundwa ili mtoto au mgeni wa mchezo aingie akiwa na injini ya kawaida ya dukani. Chini ya shirikisho la dunia, UIM, lililoanzishwa 1922, lipo daraja la vijana la GT15, jina linalotokana na nguvu ya injini, farasi 15. Nchini Marekani, APBA, chama kilichopo tangu 1903, kina daraja la J ambamo mtoto wa miaka 9 anaweza kushindana, injini yake ikiwa imebanwa pumzi kwa bamba lenye tundu dogo. Kwenye karatasi, injini zote za daraja moja ni sawa.

Kwenye maji mambo ni mengine. Injini ya mipigo miwili ina matundu kwenye ukuta wa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafungua na kuyafunga inapopanda na kushuka. Ukikwangua tundu la kutolea moshi nusu milimita kwenda juu, moshi unaanza kutoka mapema zaidi na injini inapata nguvu ya ziada kwenye mizunguko ya juu. Ukipunguza unene wa kifuniko cha silinda kidogo, mgandamizo unapanda. Kwa nje huoni kitu. Nguvu ikiongezeka kwa asilimia 5 mtu anaweza kusema si hoja, lakini kwa jinsi maji yanavyoikaba boti, hiyo inatoa takriban asilimia moja na nusu ya mwendo, yaani mita 15 hivi kwa kila kilomita. Mbio za kilomita 6 zikiisha, aliyechezea injini yuko mita 90 mbele ya mtoto ambaye kona zote alizikata vizuri kuliko yeye.

Na wengine wala hawadanganyi. Kila kiwanda huruhusu vipimo vipishane kidogo kati ya injini na injini. Fundi mwenye subira na mteja mwenye pesa atapima pistoni tano achague moja, atalinganisha ringi, atasogeza kila kipimo hadi ukingoni mwa kinachoruhusiwa. Kanuni haijavunjwa hata moja, ila injini hiyo si ya dukani tena. Hapo mashindano yanatoka kwa watoto yanahamia kwenye mifuko ya wazazi wao.

Dawa ya zamani ni kufungua injini baada ya mbio. Washindi wanapeleka injini kwenye meza ya wakaguzi, kifuniko kinang'olewa, na vipimo vinachukuliwa kimoja kimoja. Njia hii ina uzuri wake: injini iko uchi mbele ya macho ya kila mtu na hakuna wa kuulizwa maswali ya chinichini. Lakini mtazame mshindi wa miaka kumi na moja aliyesimama kando ya meza, jaketi la kuokolea bado linachuruzika maji, macho kwenye kalipa ya mkaguzi. Medali haijavishwa. Mzazi ameshakisia bei ya gasketi mpya. Saa inapita, mara ya pili. Akipatikana na kosa, mara nyingi ni kosa la mtu mzima aliyemuuzia injini baba yake. Tena meza hiyo inahitaji mkaguzi anayejua vipimo vya kila modeli, na watu hao ni wachache, wengi wao wanajitolea.

Lakiri inahamisha kazi hiyo kutoka baada ya mbio kwenda kabla ya msimu. Injini inapimwa mara moja, inafungwa, namba inaandikwa. Siku ya mashindano mkaguzi anashika tochi, anasoma namba, anauvuta waya kidogo, amemaliza.

Mchezo wa magari madogo ya kati (go-kart), ndugu wa karibu wa mchezo huu, umekwenda njia hiyo muda mrefu. Rotax ya Austria ilifungua mashindano yake ya Max Challenge mwaka 2000 kwa injini za mipigo miwili za sentimita za ujazo 125, zenye lakiri ya namba na kitambulisho kinachosafiri na injini. Briggs & Stratton wa Marekani nao wana injini yao ya 206, ya mipigo minne, inayofungwa kiwandani. Mtoto akikua hawabadilishi injini. Wanabadilisha kipande kidogo ndani ya kabureta kinachoipa hewa zaidi. Kwa familia, hiyo ni nafuu kubwa.

Sasa upande wa pili. Hoja ya kwanza ni hii: gari dogo la kati halizami.

Boti inapopinduka kwenye kona, injini inakunywa maji ikiwa bado inazunguka. Maji hayagandamiziki kama hewa. Pistoni ikikutana nayo, mkono wake unaweza kupinda, na injini inaweza kuendelea kuzunguka ikiwa imepinda hivyohivyo hadi itakapovunjika. Maji yenyewe utayatoa: unang'oa plagi, unazungusha injini, unapuliza, unamimina mafuta, unaiwasha. Hayo yote yanawezekana bila kugusa lakiri. Ila kujua kama mkono wa pistoni umepinda, au kama kutu imeanza kula beringi, mara nyingi ni mpaka ufungue, na kutu haisubiri mtu. Chumvi ikilala humo wiki nzima, silinda imekwisha. Kama mwenye ruhusa ya kukata lakiri yuko mji mwingine na foleni yake ni ya wiki tatu, kanuni iliyowekwa kumpunguzia mzazi gharama imemuulia injini. Wanaonakili kanuni za magari ya kati neno kwa neno hawalioni hili.

Linalofuatana na hilo ni swali la nani anashika koleo. Injini isiyoruhusiwa kufunguliwa na kila fundi humpa mmoja mamlaka juu ya wote. Huyo akiwa ndiye muuzaji wa injini, na tena ndiye baba wa mshindani, hata akiwa mwaminifu kama malaika watu watanong'ona, na watakuwa na haki ya kunong'ona. Lakiri inaondoa shaka kwa mshindani na kuilundika kwa mfungaji. Na yenyewe hughushiwa: Marekani, kwenye mbio za magari za viwanja vya udongo, injini za General Motors (GM) za 602 na 604 zilifungwa kwa bolti maalumu za kiwandani, zikatokea bolti bandia, na waandaaji wakalazimika kuongeza nyaya zao zenye namba.

Hoja ya pili inanigusa zaidi. Wengi walioupenda mchezo huu waliupendea mezani, mikono ikiwa na grisi, si kwenye usukani. Mtoto aliyewahi kuishika pistoni na kuona jinsi inavyolipita tundu la moshi anaijua injini kwa namna ambayo hakuna mchoro utakaomfundisha. Ukimfungia silinda miaka mitatu, umemlea dereva asiyejua kilicho mgongoni kwake. Nimewasikia wanaosema hilo si tatizo, kwamba daraja la chini ni la kujifunza kuendesha tu. Sikubaliani nao. Madaraja ya juu yataendeshwa na mafundi wepi, ikiwa kila aliyeanza chini alikatazwa kushika spana?

Ipo hoja ya tatu, kwamba wenye pesa watahamia kwenye propela, ambayo kwenye boti inaweza kuamua zaidi ya injini. Ni kweli, na jibu lake ni jepesi: ipangiwe kanuni yake, modeli moja kwa wote, na kimo cha injini tezini kiwe na kikomo.

Pamoja na hayo yote bado naitaka lakiri, kwa sababu ya yule mtoto wa mita 90. Akishindwa kwa mkono atarudi. Akishindwa kwa mfuko wa jirani, misimu miwili inatosha kumwondoa, na wazazi wake wataondoka kabla yake.

Ila iwekwe inapostahili. Ifunge silinda, kifuniko na kasha la krenki basi. Plagi, kabureta, pampu ya maji na giaboksi ya chini viachwe wazi; kabureta na giaboksi hukaguliwa bila kuvuruga chochote, na huko ndiko mtoto aanze kushika spana. Koleo lisikabidhiwe kwa muuzaji. Likae kwa wakaguzi wawili wasio na mtoto kwenye daraja hilo, na mmoja wao awepo kila siku ya mashindano, ili boti ikipinduka lakiri ikatwe palepale na namba mpya iandikwe kabla ya jua kuzama.

Lakiri peke yake pia haisawazishi nguvu. Inazigandisha tofauti zilizotoka kiwandani, na mwenye uwezo atanunua injini nne, azipime, abaki na moja. Kwenye fainali zake za dunia Rotax huwagawia madereva injini kwa kura. Klabu ndogo haiwezi kumiliki injini zote, lakini inaweza kuamuru kwamba kwenye raundi mbili za msimu, bila kutangaza mapema ni zipi, injini zibadilishane mikono kwa kura. Anayejua kwamba injini yake bora huenda ikaangukia tezi la mpinzani hatakuwa na hamu ya kununua nne.

Na msimu ukiisha, injini ya bingwa iletwe mezani. Waya ukatwe hadharani, kifuniko king'olewe, na wa kwanza kusogea wawe watoto wenyewe, kila mmoja aitelezeshe pistoni kwa kidole, akipime kimo cha tundu la moshi, akakilinganishe na cha injini yake.