Mkurugenzi wa jiji: kazi ya kupandia ngazi au ya kusubiri mkeka?

Hapa Tanzania mkeka, yaani orodha ya walioteuliwa na kutenguliwa, ukitoka Ikulu usiku magrupu yote ya WhatsApp yanawaka, watu wanatafuta majina, nani kahamishwa, nani uteuzi wake umetenguliwa, nani "atapangiwa kazi nyingine", na humo ndani wapo wakurugenzi wa majiji na halmashauri ambao ndani ya siku chache wanatakiwa wawe maafisa masuuli, yaani wa kujibu kuhusu hela ya umma, wa sehemu ambayo pengine hawajawahi hata kulala. Watu tunawajadili sana, ila kazi yenyewe tunairuka, na mi leo nataka tuiongelee kazi.

Mkurugenzi ndo mtendaji mkuu wa jiji. Meya anachaguliwa na madiwani wenzake, anavaa joho, anaendesha baraza, lakini wa kujibu kuhusu hela ni mkurugenzi. Yeye ndo katibu wa baraza, wakuu wa idara wako chini yake, na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akikuta pesa imekusanywa kwa POS, zile mashine za kukusanyia ushuru, mtaani haijafika benki, anayebanwa mbele ya kamati ya Bunge ni yeye. Sasa huyo mtu baraza halikumwajiri. Kateuliwa na Rais na Rais ndo anamtoa. Madiwani wanaweza kukasirika mpaka wakapitisha azimio la kumkataa, azimio linapanda juu, wao wanabaki kusubiri.

Kuna baraza moja niliwahi kukaa viti vya nyuma kama mwananchi wa kawaida. Diwani akasimama, "Mstahiki Meya, hili kalavati naliuliza kwa mara ya tatu, watoto wanavushwa mgongoni kwenda shule." Mkurugenzi akavuta maiki, ana wiki sita tu pale, akasema amelipokea anakwenda kulifanyia kazi. Diwani akafungua kabrasha la kikao cha mwaka uliopita akasoma jibu la mkurugenzi aliyepita, maneno ni yaleyale. Ukumbi ukanyamaza. Yule mkurugenzi hakudanganya jamani, kweli alikuwa ndo kwanza analisikia, na mi nilimwonea huruma yeye na diwani wote wawili.

Lakini wanaotetea uteuzi wa juu wana hoja, na si hoja ndogo. Wenye umri wangu tunaikumbuka Dar ya miaka ya tisini, taka zimejaa, barabara mashimo, mpaka 1996 serikali ikalivunja baraza la jiji ikaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, ikafanya kazi hadi 2000, na jiji likaanza kupumua. Hao walikuwa watu wa kuteuliwa, hawakupigiwa kura na mtu. Afu tuseme ukweli, baadhi ya madiwani wana macho kwenye tenda na viwanja, kwa hiyo ukimweka mkurugenzi anayewategemea wao ili abaki kazini, ataweza kweli kumwambia diwani kwamba kampuni ya shemeji yake haina sifa? Kule Marekani mfumo wa meneja wa jiji, ulioanzia Staunton, Virginia mwaka 1908 na kupata jina zaidi baada ya Dayton, Ohio kuuchukua kufuatia mafuriko ya 1913, unalipatia baraza nguvu ya kuajiri na kufukuza, kwa hiyo na huko wingi wa kura ukigeuka meneja anafungasha.

Kwa hiyo sisemi tuwakabidhi madiwani kila kitu. Shida yangu ni kwamba hii kazi imekoma kuwa ngazi ya kupanda. Mtu ameanza afisa mipango, au mweka hazina, miaka ishirini anaijua halmashauri nje ndani, anajua kizimba kipi sokoni kina wapangaji wawili kwenye vitabu na mmoja kwenye uhalisia, halafu hana tangazo la kuombea nafasi ya juu, anasubiri jina lake limfikie mtu. Julai 2016 waliteuliwa wakurugenzi 185 kwa mkupuo mmoja, na baadhi yao mwaka mmoja nyuma walikuwa kwenye kura za maoni za CCM wanatafuta ubunge. Na sheria ilikuwa inawafanya haohao kuwa wasimamizi wa uchaguzi! Mahakama Kuu ilikataa jambo hilo Mei 2019, Mahakama ya Rufani ikaligeuza Oktoba mwaka huohuo. Hata kama mkurugenzi ni mwadilifu kiasi gani, mpinzani aliyeshindwa atamwaminije?

Na kuna hofu. April 2016 Rais Magufuli alimsimamisha mkurugenzi wa jiji la Dar hapohapo kwenye uzinduzi wa daraja la Kigamboni, mbele ya umati, na mi nilikuwa kati ya waliofurahi maana malalamiko ya mikataba yalikuwa yamezidi. Leo naliona kwa jicho lingine. Mtu anayejua anaweza kuondolewa bila kusikilizwa anaogopa kusaini, faili linalala mezani, au anasaini chochote anacholetewa na waliomtangulia kuijua ofisi. Angalia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa vikundi, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 na kurudishwa 2024, na kelele kubwa ilikuwa vikundi hewa na marejesho mabovu. Mkurugenzi wa miezi minne atakijuaje kikundi hewa?

Mi naona Rais abaki na sahihi ya mwisho kama ni lazima, ila nafasi itangazwe, watu wafanyiwe usaili, wapewe mkataba wa miaka inayojulikana, na tathmini ya baraza iwe na uzito kwenye kuuhuisha. Akitenguliwa, sababu iandikwe. Najua mtaniuliza itakuwaje akiwa mwizi na mkataba bado, jibu ni kwamba wizi una PCCB, yaani TAKUKURU, na una mahakama, mkataba haujawahi kumkinga mtu na hivyo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kamati ya usaili nayo kuja na majina mfukoni, na hapo ndo ningetaka madiwani, wa vyama vyote, wawe na kiti mezani hata kama ni kimoja.

Lile kalavati nililipita masika iliyopita. Wameweka magogo mawili.