Mnara wa Smailholm: ngome au zizi?

Kusini mwa Uskoti, si mbali na mji wa Kelso, mnara wa mawe umesimama peke yake juu ya mwamba. Ni Smailholm, makao ya zamani ya ukoo wa Pringle: kimo chake kama mita 20, kuta zake nene kupita mita 2. Chini ya mwamba huo liko shamba la Sandyknowe. Wasomi wanabishana kuhusu minara ya aina hii, na mabishano yenyewe yanahusu neno moja tu: ilikuwa ngome, au ilikuwa majivuno?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Mwaka 1773 mtoto Walter Scott, aliyepooza mguu, aliletwa Sandyknowe kwa babu yake ili apate nafuu. Akakulia chini ya mnara huo akisikiliza hadithi za mpaka wa Uskoti na Uingereza, na alipokuwa mwandishi mashuhuri akawafanya wasomaji wa Ulaya nzima waone mashujaa na panga kila walipotazama jiwe la kale.

Siku hizi upepo umegeuka. Wengi wanaochambua majengo hayo wanasema mnara ulikuwa nembo ya heshima, kama bwana mwenye ardhi kujivika joho. Hoja zao si za kupuuzwa. Mnara mwembamba namna ile haukuweza kuhimili mizinga. Halafu, wafalme wa Uingereza na Uskoti walipokuwa mtu mmoja mwaka 1603 na wizi wa mifugo wa mpakani ukazimwa, minara iliendelea kujengwa. Ule wa Craigievar, ulio mbali kabisa na mpaka, ulikamilika mwaka 1626 ukiwa umepambwa kama keki ya arusi. Nani anajenga ngome wakati wa amani?

Hata hivyo naona watetezi wa "majivuno" wanaupima mnara kwa adui asiye wake. Wanauliza kama ungezuia jeshi. Mwenye mnara hakuwa na ndoto hiyo. Adui wake alikuja usiku, na watu kadhaa wenye farasi, akitaka ng'ombe. Kabla jua halijapanda alikuwa ameshavuka mpaka.

Mwaka 1535 Bunge la Uskoti lilitoa sheria ambayo sichoki kuirudia. Kila mwenye ardhi ya thamani ya pauni 100 katika maeneo ya mpakani aliamriwa kujenga ukuta wa mawe na chokaa: futi 60 kwa kila upande, unene eli 1, kimo eli 6. Eli ya Uskoti ni kama sentimita 94, kwa hiyo tunazungumzia ukuta wa zaidi ya mita 5 unaozunguka ua wa mita 18. Shabaha ilitajwa wazi: kumhifadhi yeye, wapangaji wake na mali zao nyakati za machafuko. Na mnara je? Sheria inasema ajenge na mnara ndani yake, kwa ajili yake mwenyewe, akiona inafaa.

Akiona inafaa! Ukuta ni lazima, mnara ni hiari. Kwa watunga sheria wa 1535, kitu cha msingi kilikuwa ule ua wa kukusanyia watu na mifugo. Waingereza wanahangaika kuchagua kati ya "kasri" na "shamba". Sisi tuna neno boma, ambalo ni zizi la ng'ombe na ni ngome pia, na hakuna aliyewahi kuona utata.

Hapo mpinzani wangu atasema: kama mnara ulikuwa hiari, basi aliyeujenga alitaka kuonekana. Nakubali, kwa sehemu. Lakini panda juu ya Smailholm. Pembeni mwa bomba la moshi pametengenezwa kiti cha mlinzi. Mtu anakaa kwenye baridi ya usiku, mgongo ukipata joto la moto wa chini, macho yako bondeni. Mwenye kutaka sifa tu hajengi kiti cha namna hiyo.

Ushahidi mzuri zaidi umeachwa na mtu aliyekuja kushambulia. Robert Carey, ofisa wa Kiingereza wa mpakani katika miaka ya 1590, alisimulia katika kumbukumbu zake jinsi alivyofuata watoro wawili wa Kiskoti hadi kwa mtu mmoja wa ukoo wa Graham karibu na Carlisle, mji wa Uingereza. Anasema mtu huyo alikuwa na nyumba nzuri, na kando yake mnara imara wa kujikinga wakati wa dhiki. Carey alichelewa kuizingira nyumba. Watoro walikuwa wameshaingia mnarani, na kijana mmoja ametimka kwa farasi kuita msaada Uskoti. Ilibidi Carey aagize watu zaidi, wapande juu na kuanza kuezua paa, ndipo waliokuwa ndani wakajisalimisha. Punde wapanda farasi mamia kutoka Uskoti wakatokea, wamechelewa kidogo tu.

Angalia kilichotokea. Watu walikaa katika nyumba ya kawaida, ya kando. Mnara haukushinda vita. Ulinunua saa chache, na saa hizo nusura zitoshe.

Huko Smailholm karne ya 17 ilipofika, ukoo mwingine uliushika mnara, na ndani ya ua pakajengwa nyumba ya kukaa kwa raha zaidi. Ukuta wa boma umebomoka, umebaki mistari ya mawe kwenye majani. Wageni wanaokuja leo wanaukanyaga wakitafuta pembe nzuri ya kupigia picha mnara.