Mnaugombeza Mlango wa Friji, Ugonjwa Uko Mgongoni

Jamani, hivi nani aliyewaaminisha watu kwamba friji la gari-nyumba ni sawa na friji la jikoni? Kwa sababu lina mlango? Lina taa na kisanduku cha mboga? Haya basi. Julai, Arizona, nje nyuzi 43 za Selsiasi, ukikanyaga lami kandambili inabaki, na familia nzima ya Waswahili wa Phoenix imekodi gari-nyumba kwenda kuzunguka jangwani. Baba kawasha friji saa nne asubuhi. Saa nne na nusu kalijaza mbuzi aliyekatwakatwa, bado ana uvuguvugu wa bucha, na katoni ya soda juu. Saa sita anafungua mlango anataka kinywaji cha baridi. Anakikuta kama maji ya kunawia. Anamgeukia mama: nani kaacha mlango wazi? Mama anawageukia watoto. Watoto wanamwonyeshea kidole shemeji. Shemeji anabonyeza kitufe cha baridi mpaka mwisho, anabamiza mlango, kesi imefungwa.

Hakuna hata mmoja aliyezunguka nyuma. Hakuna! Na shauri lote liko huko.

Friji hili, ndugu zangu, halina kompresa, ile pampu ya mota inayonguruma kwenye friji la jikoni. Magari-nyumba mengi, hasa yaliyokula chumvi nyingi, yana friji linaloendeshwa na moto. Umesikia vizuri: moto. Mwaka 1922 vijana wawili waliokuwa wanasoma Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni namna ya kupoza kwa kuchemsha. Ndani ya mabomba yaliyozibwa kabisa mna amonia, maji na haidrojeni. Moto wa gesi au koili ya umeme unachemsha maji yenye amonia, amonia inapanda ikiwa mvuke, inafika juu nyuma ya friji kwenye mapezi ya chuma, inapoa na kuwa kimiminika. Inateremka, inakutana na haidrojeni, inageuka mvuke tena, na katika kugeuka huko ndipo inapolifyonza joto la maziwa yako. Kisha inanyweka kwenye maji na safari inaanza upya. Pampu hakuna, mota hakuna, kelele hakuna. Akili kubwa, siwezi kubisha. Lakini walikuwa Sweden! Sweden, mwenzangu! Theluji ipo mlangoni. Wao hawakuwa wanafikiria Quartzsite, jangwani Arizona, mwezi wa saba.

Maana yale mapezi ya juu ndiyo yenye kazi. Friji halitengenezi baridi, ni mpagazi tu: linabeba joto kutoka ndani na kwenda kulitua nje kwa mlango wa nyuma, na ukimzibia mlango huo atasimama na mzigo wake kichwani. Hewa iliyo nyuma ikiwa ya moto na imetulia, amonia haipoi, na amonia isiyopoa haina cha kuteremka nacho. Hapo geuza vitufe mpaka kidole kiote sugu, ndani hapatabadilika kitu.

Kwa hiyo toka nje. Ubavuni mwa gari, kwa chini, kuna kifuniko cha plastiki chenye matundu, kimeshikwa na vishikizo viwili unavyovizungusha kwa sarafu. Kifungue. Hewa inapaswa kuingia hapa, ipande mgongoni mwa friji, itokee kwenye tundu la paani. Utakachokuta ni kiota cha nyigu wa udongo kama ngumi ya mtoto, majani makavu, na wavu mwembamba ambao mwerevu mmoja alifunga kuzuia wadudu. Wavu wa mbu hapo! Umezuia nyigu, umezuia na hewa. Toa. Ukitaka wavu, weka wenye matundu mapana, na uukague kila unaposafisha. Kisha panda paani utazame tundu la juu, ndege nao wanapapenda. Kuna wengine, kwa kuogopa mvua, wamelifunika kwa plastiki. Mvua gani Arizona, naomba kuuliza?

Njia ikiwa wazi, angalia nafasi. Kati ya mapezi ya juu na ukuta wa gari isizidi inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu hivi. Waliofunga friji kiwandani mara nyingi hawajali. Wanaacha shimo la kupitisha mkono mzima, na hewa, kama kila kitu kivivu, inapita penye wepesi, inayakwepa mapezi na kutoka ikiwa haijagusa chochote. Dawa yake ni bati jembamba la alumini. Unalikunja, unalifunga kwa skrubu kwenye ukuta wa gari chini kidogo ya mapezi, ili hewa isukumwe iyapitie. Skrubu ziingie ukutani, narudia, ukutani! Usitoboe bomba lolote la friji, maana ukilitoboa hulizibi, na lililotoka hulirudishi. Pembeni na juu ya sanduku la friji nako ukiona upenyo, jaza pamba ya kioo isiyoshika moto, hewa ya moto isilale juu ya friji kama paka.

Halafu feni. Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha kwa kununua vifaa vyenye maboksi mazuri, wakati feni mbili za kompyuta za volti 12, zenye upana wa milimita 120, zinafanya kazi hiyo hiyo. Kila moja inakula chini ya nusu ampea. Zifunge chini kidogo ya mapezi ya juu zikipuliza kuelekea juu. Usiziweke kule chini kwenye moto, zitauyumbisha au kuuzima. Waya upitie fyuzi ndogo, na ukipata swichi ya joto inayojiwasha nyuma pakichemka na kujizima pakipoa, hutahitaji kuamka usiku kuzima feni. Feni ikinguruma ujue imejaa vumbi. Na kama friji lako limewekwa kwenye ule ukuta unaotoka nje kwa mota, pole sana, maana hapo tundu la paani hakuna, matundu yote mawili yako ubavuni, hewa ya moto inakwama juu ikitafuta pa kutokea. Kwako wewe feni ni lazima, wala tusijadili.

Sasa moto wenyewe. Ukichungulia kwenye bana, pale gesi inapowakia, ukiwa umewasha gesi, mwali uwe wa buluu, umetulia, unavuma taratibu. Ukiwa wa njano na unacheza rusharoho, bana ni chafu. Buibui wanaingia kwenye kibomba cha bana na kufuma nyumba humo. Masizi na kutu navyo hushuka kutoka kwenye dohani kila gari linaporuka matuta. Funga mtungi, acha pawe baridi, fungua bana, piga mswaki, pangusa dohani. Kile kitundu kidogo kinachopitisha gesi usikichokonoe kwa sindano! Kilitobolewa kwa kipimo, ukikipanua umeharibu mchanganyiko wa gesi na hewa. Kiloweke kwenye spiriti, kiache kikauke, basi. Ukirudisha, paka povu la sabuni kwenye maungio; likitoa mapovu, kaza tena kwa spana kabla hujafikiria kuwasha kiberiti. Mara moja kwa mwaka yatosha, kabla joto halijaanza. Lakini nani anakumbuka mwezi wa nne? Mwezi wa nne watu wanapiga picha maua ya jangwani.

Wengine wanasema, aa, sisi tuna umeme wa kambi, gesi ya nini. Vizuri. Saa tisa alasiri kambi nzima imewasha viyoyozi, pima umeme kwenye soketi. Badala ya volti 120 unaweza kukuta 105. Mtu anaona tofauti ndogo. Si ndogo hata kidogo, maana nguvu ya koili inashuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo imebaki kama asilimia 77. Friji linachemshwa nusunusu siku ambayo lilihitaji nguvu zote. Hamia kwenye gesi jioni ifike. Ila hata kwenye gesi, ule ubao wa elektroniki unaoamrisha moto unataka umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri. Betri ikifa, gesi imejaa mtungini na friji limezima, na mwenye gari anautikisa mtungi, ati gesi imeisha.

Na jamani, usawa! Gari limeegeshwa mlimani, upande mmoja juu, mtu analala kichwa chini miguu juu anasema ni sawa tu, si usiku mmoja. Wewe unaweza. Friji haliwezi. Kumbuka halina pampu, vimiminika vinateremka kwa uzito wake tu. Friji nyingi zinavumilia mwinamo wa digrii 3 ubavu kwa ubavu na digrii 6 mbele kwa nyuma. Ukizidisha, kimiminika kinatuama kwenye mkunjo, kwenye bomba la kuchemshia panakauka panaungua, na ile dawa ya kuzuia kutu iliyomo humo inaganda fuwele na kuziba njia. Hiyo haizibuliwi. Weka pimamaji kwenye sakafu ya frizani, siyo mezani wala dashibodini, kisha ingiza vipande vya mbao chini ya magurudumu. Barabarani gari likitembea haina neno, mtikisiko unavichanganya vyenyewe. Hatari ni kusimama.

Ukishasimama, jua. Huku kaskazini ya dunia, upande wa friji uelekeze kaskazini au mashariki. Watu wanauelekeza magharibi ili wapate picha ya machweo, wanaligeuza friji kikaango tangu saa nane mpaka saa moja. Ukikosa namna, tundika turubai lenye kivuli mita moja hivi kutoka ukutani, hewa ipite. Kuna mmoja lazima ataligandisha turubai juu ya matundu yenyewe. Huyo mpeni kazi ya kuosha vyombo.

Ndani sasa, na hapa nitasema haraka kwa sababu nimechoka. Washa friji usiku kabla ya safari, linataka saa 8 hadi 12, hata siku nzima kwenye joto kali. Ingiza vitu vilivyokwisha kupozwa nyumbani, na chupa mbili tatu za maji yaliyoganda kwenye friza. Usijaze mpaka mlango ufungwe kwa goti, baridi inahitaji pa kupita. Usitandike karatasi ya foili kwenye rafu. Feni ndogo ya betri, weka ndani ichanganye hewa. Yale mapezi ya alumini ya ndani, kwenye moja kuna kihisi kidogo cheupe kimechomekwa. Ukikisogeza juu friji linapoza zaidi, ukikishusha linapunguza. Barafu ikifika unene wa milimita 6, yeyusha kwa sufuria ya maji ya moto mlango ukiwa wazi, na anayekuja na kisu umfukuze. Noti ya dola ibane kwenye mpira wa mlango, uvute: ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka. Kipimajoto kiwe ndani ya glasi ya maji, kisome nyuzi 4 au chini. Kikisoma 10 tangu jana, ule mbuzi ni wa kutupa, usiupikie pilipili kuficha. Na nje kukiwa kumezidi nyuzi 32, chakula kikiachwa mezani muda wa saa moja kimekwisha.

Soda na maji ya watoto peleka kwenye boksi la barafu. Hilo lifunguliwe mara mia, halina amonia. Nunua barafu la bonge, linadumu kuliko vipande.

Ukifanya yote hayo na bado hakuna baridi, shika bomba la kuchemshia, hapana, usilishike, lisogelee tu. Kama kunachemka vizuri na saa 12 zimepita ndani bado joto, njia imeziba au gesi ya ndani imetoka. Ukiona unga wa njano kwenye mabomba, au ukisikia harufu kali ya amonia inayokutoa machozi, zima kila kitu, funga mtungi, fungua madirisha, toka na watoto nje. Hilo haliwashwi tena, linataka mgongo mpya, yaani yale mabomba yote ya nyuma, na fundi wa kuufunga.

Hapo ndipo atakapotokea jirani wa kambi, amevaa kaptula, anasema lipindueni tu. Kwa friji lililokaa miaka bila kutumika na halivuji, kulitoa na kuligeuza kichwa chini huwa kunasaidia mara nyingine, vimiminika vinarudi mahali pake, kisha linasimamishwa wima siku nzima kabla ya kuwashwa. Kwa lililoganda fuwele au kutoboka ni kazi bure, mmevunja mgongo watu wanne. Lakini atasisitiza, namjua mtu wa namna hiyo, na shemeji ameshakunja mikono ya shati. Haya, lipindueni. Mayai toeni kwanza.