Sikutumbukia Kwenye Tangi!

Naona mmeshapelekewa habari zangu zikiwa zimetiwa chumvi. Eti nimetumbukia kwenye tangi la maji machafu pale kwenye kiwanda chetu cha ngozi. Fundi umeme wetu muongo huyo! Tangi lenyewe limefunikwa gubigubi, maana bakteria wanaokula uchafu humo ndani hawataki hata oksijeni ipenye, mimi na kitambi hiki ningepitia wapi?

Kilichotokea ni hivi. Wakaguzi wa mazingira walikuja, na mimi nikawa nimetinga shati jeupe nililovaa kwenye harusi ya mdogo wangu. Bosi akanitazama, akasema, "Kamanda, wachotee wageni tope waone bakteria wetu walivyonona."

Ubavuni mwa tangi kuna koki zimepangwa toka juu hadi chini. Za juu hutoa maji, ya chini kabisa hutoa tope. Nikafungua ya chini. Kimya. Nikazungusha hadi mwisho. Kimya. Mama mmoja mkaguzi akainama achungulie. Nikamwambia, "Mama, sogea kidogo tafadhali," nikachukua waya, nikaanza kuzibua.

Koki ikakohoa. (Wapendwa, koki ikikohoa, kimbieni.) Likatoka povu moja, likavimba polepole, likapasuka: pwa. Nikamgeukia yule mama nimtolee tabasamu la kitaalamu, meno yote nje.

Ndipo likaja. Lilianzia kifuani, likapanda kidevuni, likaingia kwenye lile tabasamu. Jeusi tii, la chengachenga kama ufuta, tena la uvuguvugu, maana wadudu wale tunawatunza kwenye nyuzi 35. Nikataka kufunga koki, mkono unateleza. Nikataka kupiga kelele, mdomo umejaa. Nikasimama tu, tope linanichuruzika hadi kwenye soksi.

Mnaouliza harufu: maji ya kiwanda cha ngozi yana salfeti nyingi, yaani chumvichumvi zenye salfa. Kromu, ile ya kusindikia ngozi, tunaitoa mapema kwa kuigandisha itulie chini, la sivyo ingewadhuru bakteria. Salfeti inapita. Humo ndani kuna wadudu wanaotengeneza methani, gesi inayowaka, tunaipeleka kwenye boila, na kuna wengine wanaoigeuza salfeti kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi. Yai viza, ndugu zangu. Yai viza la tangu enzi za Mjerumani.

Kimya kikatanda. Yule mama akafungua kichupa chake, akanitazama toka juu hadi chini, akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, naweza kuchukua sampuli kwenye kola?"

Akachukua.

Niliyobaki nayo ni machache. Nimeoga hadi sabuni ikaisha. Pete yangu ya fedha imekuwa nyeusi kama mkaa kwa gesi ile. Kwenye daladala ya Gongo la Mboto konda akanitolea macho: "Braza, mayai yako yameoza, shusha!" Sikuwa na mzigo wowote.

Na wewe fundi, kwa kuwa mdomo wako hauna koki, ile elfu kumi yangu naitaka leo leo.