Rosa tulimfungia mlango, Mkwaju tukampa redio

Kitabu kikiondolewa shuleni, sababu huwa ileile: watoto wataiga. Ndivyo ilivyokuwa kwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya msichana Rosa anayeishia kutembea na wanaume wengi, iliyotoka mwaka 1971 ikazuiwa katika shule za Tanzania. Ndivyo ilivyokuwa tena Februari 2023, Wizara ya Elimu ilipopiga marufuku vitabu kadhaa vya watoto kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila, desturi na maadili. Rosa alikuja kuruhusiwa baadaye na akasomwa darasani. Hofu iliyomfungia bado ipo, na mzazi anayeisema leo anaamini anasema jambo lililo wazi: mtoto akikaa na mhusika mbovu, atatoka na ubovu wake.

Mzazi huyo hajakosea kabisa. Mwandishi Mjerumani Johann Wolfgang von Goethe alipochapisha hadithi ya kijana Werther mwaka 1774, vijana wa Ulaya walianza kuvaa kama yeye, koti la buluu na kizibao cha njano. Ikasemwa pia kwamba wapo waliomfuata hadi kwenye kifo cha kujitoa uhai. Mwaka 1775 mji wa Leipzig ulikataza kitabu, na mavazi nayo. Miaka mia mbili baadaye, Marekani ilikuwa na kipindi cha televisheni chenye mzee mbaguzi aitwaye Archie Bunker, aliyebuniwa ili watu wamcheke. Watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walionyesha mwaka 1974 kwamba watazamaji waliokuwa tayari na ubaguzi moyoni walimwona mzee yule kuwa ndiye msema kweli. Kwa hiyo anayetetea vitabu kwa kusema "ni hadithi tu" simuungi mkono. Hadithi inafanya kazi. Swali ni inaifanya vipi, na hapo ndipo naona upande wa pili haujaeleweka.

Maana nchi ileile iliyomwogopa Rosa ndiyo iliyomtengeneza Mkwaju.

Walioishi na redio miaka ya 1990 wanamkumbuka. Mchezo wa Twende na Wakati ulianza Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, na Mkwaju alikuwa dereva wa lori, mume wa Tunu, mwenye mwanamke kila anapolaza gari. Kwa kipimo cha maadili, Rosa ni mtoto mbele yake. Lakini huyu hakufungiwa. Alipewa redio ya taifa, saa ambayo watu wako nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Waliomtunga walifuata njia ya Miguel Sabido, mtayarishaji wa tamthilia wa Mexico: weka mhusika mwema, weka mbaya, na kati yao weka wale wanaoyumba, ambao msikilizaji atajiona ndani yao. Kila mmoja apate matokeo ya njia aliyoichagua, polepole, kwa miezi na miaka. Mkwaju aliugua UKIMWI. Tunu alijifunza kusimama kwa miguu yake.

Ikawaje? Mwaka 1994 wasikilizaji waliohojiwa, asilimia 72 walisema wamechukua hatua ya kujikinga na UKIMWI kwa sababu ya mchezo ule. Mwaka 1995 wakawa asilimia 82.

Nimekaa na hiyo 82 kwa muda mrefu, na sikuipokea kirahisi. Ni kubwa mno. Mtu akijiwa nyumbani na mgeni mwenye karatasi, akaulizwa kama amebadilika, atajibu nini, hasa mke wake akiwa anasikia upande wa pili wa ukuta? Ukiifungua takwimu yenyewe wasiwasi unaongezeka: kati ya waliosema wamebadilika, asilimia 77 walisema wamebaki na mwenzi mmoja. Hakuna mtafiti anayeweza kuingia chumbani kuthibitisha hilo. Asilimia 16 walisema wameanza kutumia kondomu. Asilimia 6 waliacha kuchangia nyembe au sindano.

Kilichonifanya nisiitupe ni Dodoma. Katika miaka ile miwili ya mwanzo, mtambo wa Dodoma haukurusha mchezo huo. Saa hiyo watu wa huko walisikiliza vipindi vyao vingine. Ikapatikana njia ya kulinganisha. Kondomu zilizogawiwa katika maeneo yaliyosikia mchezo ziliongezeka kwa asilimia 153, na Dodoma kwa asilimia 16. Hayo si majibu ya mtu anayemwonea haya mgeni. Ni maboksi yaliyotoka stoo.

Na ile asilimia 6, ambayo mwingine angeiruka, ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Hakuna sifa ya kutafuta kwa kusema umeacha kuchangia wembe. Ni jambo dogo mno kulidanganyia. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Kabla ya hapo alinyolewa chini ya mwembe kwa wembe wa kinyozi, ule ule uliopita kwenye vichwa vilivyomtangulia. Kisha akaanza kwenda na wa kwake, ameukunja kwenye karatasi, mfukoni mwa shati. Kinyozi alikasirika mara ya kwanza. Baba hakuwahi kusoma kijarida chochote cha afya. Alichosikia ni habari za watu waliobuniwa, na akafanya kitu ambacho mtu mzima mwenye mazoea ya miaka 30 hakifanyi kwa kuambiwa.

Mbona hakumwiga Mkwaju? Nadhani jibu lilikuwa sebuleni kwetu. Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa kubana betri na maneno yakaanza. Mama alimtetea Tunu, mjomba alidai Tunu amezidi, sisi watoto tulisikia mambo ambayo siku nyingine yangekatishwa tulipoingia. Watafiti wa mchezo ule nao waliona kwamba uliwafanya watu wazungumze zaidi wao kwa wao kuhusu ugonjwa. Mhusika mbaya anayejadiliwa hadharani si yule yule anayesomwa gizani. Na ukimfungia, unamsukuma huko gizani.

Nakubali tofauti iliyopo. Mkwaju alikuwa ameshikwa kamba: waliomtunga walijua wanampeleka wapi. Mwandishi wa riwaya hana deni hilo, na mtoto wa miaka tisa aliye peke yake na kitabu hana mjomba wa kubishana naye. Serikali kuchagua kitabu cha darasa la tatu sioni tatizo. Lakini Rosa alizuiwa kwa wasichana wa umri wake, waliokuwa wakikabiliana na wanaume wale wale aliokutana nao.

Tena aliyezuiwa si Rosa peke yake. Ndani ya riwaya ile yumo Zakaria, baba mlevi, anayempiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana na kumtenga na wavulana wote, hadi anafika masomoni hajawahi kufundishwa namna ya kukataa wala ya kupenda. Yanayofuata yanaanzia kwake. Waliohofia kuigwa walimtazama binti tu. Sijasikia aliyehofia kwamba akina baba wataiga kipigo cha Zakaria, na sababu ninaiona: hakuna aliyehitaji kitabu ili ajifunze hicho.

Tulipokuwa sekondari, kitabu kikiwa kimesharuhusiwa, mwenzangu mmoja, msichana, alikwenda nacho nyumbani likizo. Baba yake, mtu mkali ambaye hata sisi wavulana tulipita mbali na uzio wake, alikikuta mezani akakichukua. Binti alijua amekwisha. Kilikaa kwa baba siku tatu, taa ya chumbani kwake ikizimwa usiku sana. Siku ya nne alimrudishia mkononi, hakusema habari za Rosa hata neno moja. Aliuliza tu, huyu mwandishi, Zakaria alimjulia wapi?